Vyakula vya Kujenga Mwili

Kuna duka pale Lochee, Dundee, baina ya kinyozi na muuza miwani,
linauza wadudu.
Wamekaushwa, wametiwa katika mfuko wenye zipu,
na mgongoni mwa mfuko, kwa herufi ndogo kama sisimizi:
protini, hamsini na tatu kwa mia.
Pauni tano kasoro peni moja.
Nikasimama nao mkononi kama mtu aliyekuta
picha ya shangazi yake kwenye stempu.

"Wa mjusi?" akauliza kijana wa duka.
Wa panya, nikasema. Panya-jangwa, wawili. Mmoja ananyonyesha.
(Tulinunua majike mawili. Hapa hapa. Tuliapiwa majike mawili.)
Akatazama viatu vyake, akanipunguzia peni hamsini.

Binti yangu Kemilembe ana miaka tisa na daftari.
Sheria kaziandika kwa kalamu ya kijani:
Njugu, kwa kuwa ananyonyesha, funza wawili asubuhi,
panzi mmoja jioni, na ute wa yai la kuchemsha
kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho.
Kunde, baba mtu, apewe nusu,
maana hana alichofanya.
Chumvi marufuku.
Isizidi. (Kaipigia mstari mara mbili.)

Haya haya nilikaririshwa darasa la tatu, Kashozi,
kwa sauti moja, fimbo ikipiga meza:
vyakula vya kujenga mwili! Nyama! Samaki! Mayai! Maharage!
Tulilitamka yai vizuri sana. Yai lenyewe lilikuwa la mgeni.
Firigisi ilikuwa na mwenyewe, anajulikana.
Sisi tulikuwa watu wa mchuzi,
na mchuzi, Mwalimu, hukutuambia unajenga nini.

Novemba, senene walipomwagika chini ya taa ya misheni,
mama alitoka na ndoo na kanga ya kufunikia.
Usiku kucha akinyonyoa: bawa, bawa, mguu, mguu,
vidole vikabaki na rangi ya majani mabichi.
Akawakaanga bila mafuta, kwani wana yao,
nyumba ikanukia hadi barabarani,
akamtengea baba bakuli lenye kifuniko.
Wanawake wa kwetu hawakula senene.
Ati tungezaa watoto wenye vichwa vya panzi.
Baba akala. Mama akapewa kitenge.
Kilikuwa kizuri, sikatai.

Saa kumi jioni Dundee tayari ni giza.
Njugu anachomoza shimoni, masharubu yakipima hewa,
anampokea panzi kwa mikono miwili
kama mtu na hindi la kuchoma,
anaanza na kichwa.
Kacha, kacha. Nyumba nzima inamsikia.
Chini yake, ndani ya karatasi alizozichana mwenyewe,
watoto watano wekundu, hawana hata nywele.
Kunde ananyemelea. Njugu anapiga mguu chini, du-du-du,
Kunde anakumbuka ana shughuli upande wa pili.
Huyu hakuna aliyemtisha na atakachozaa.
Kisha anarudi mlangoni, ananitazama. Bado ana njaa.
Namwongeza nusu. Kalamu ya kijani isijue.

Kemi kaenda kupiga mswaki.
Nachukua mmoja.
Hana ladha, au ana ladha ya bahasha ya zamani.
Natafuna hivyo hivyo, nimesimama, nimezima taa,
nina miaka arobaini na moja na najificha jikoni kwangu.
Wa pili nampitisha kikaangoni, chumvi kidogo,
na hapo, jamani, hapo
mfuko ukaanza kuwa mwepesi.

Asubuhi daftari liko wazi juu ya meza.
Njugu: panzi mmoja na nusu (nimeona).
Kunde: nusu.
Chini yao, kwa kijani, jina jipya kwenye orodha:
Mama: saba.
Isizidi.